Je, Mzazi Aweza Kumfundisha Mtoto Asiyoyajua?

Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, shule zote za Kongo zilifungwa, ikapita miezi kabla ya milango yake kufunguliwa tena. Mjini Lubumbashi watoto wa darasa la saba na la nane wakakaa nyumbani na madaftari yao. Katika kusoma na kuhesabu, wazazi walijaribu kuwasaidia. Lakini walipofika kwenye sayansi, yaani elimu ya maumbile, wengi walifunga daftari wakasema: "Hayo ni ya mwalimu." Shule zimekwisha kufunguliwa, ila swali limebaki, kwa maana hata leo wako watoto wanaokaa nyumbani, mmoja kwa ugonjwa, mwingine kwa kukosa malipo ya shule. Je, ni haki mzazi kufundisha jambo asilolijua? Tena, je, ni haki kuliacha?

Neno la kwanza si gumu. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya Kikristo, wafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, nayo yawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya malezi hayo. Basi mwalimu ni msaidizi wa mzazi. Hakumnyang'anya kazi yake. Ugumu uko hapa: mtu atatoaje kitu asichokuwa nacho?

Wenye kuuliza hivyo huiona sayansi kama gunia la unga: aliye nalo hugawa, asiye nalo hulala njaa. Lakini sayansi, kabla ya kuwa majibu, ni kazi ya kutazama, kupima na kungoja. Baba wa Katuba ambaye hakumaliza hata darasa la nne aweza kusimamisha fimbo iliyonyoka uani, akamwambia mwanawe aweke alama penye ncha ya kivuli wakati kinapokuwa kifupi kabisa, karibu na saa sita ya mchana. Mwezi wa Juni wataona kivuli kikielekea kusini. Mwezi wa Desemba, mawingu yakiwaruhusu, kitaelekea kaskazini. Na karibu na 23 Oktoba fimbo itakosa kivuli, kwa sababu siku hizo jua hupita juu kabisa ya Lubumbashi. Mtoto akiuliza sababu, ndipo kitabu kifunguliwe, au mwalimu atafutwe. Swali limekwisha kuzaliwa nyumbani.

Mama naye hapungukiwi na mafundisho penye mbabula yake. Lubumbashi iko juu, kama meta 1,200 kupita usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, haikandamizi maji kwa nguvu ileile. Kwa hiyo maji huchemka yakiwa na joto la digri 96 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana maharage ya Lubumbashi hukaa motoni muda mrefu zaidi. Mama akizidisha makala, maji yatakauka upesi, lakini hayatapata joto zaidi. Hilo laweza kujaribiwa: sufuria mbili, moja itokote kwa nguvu, nyingine polepole, kisha mtoto aone kama maharage ya ile ya kwanza yatatangulia kuiva. Na makala yahesabiwe, maana hayatolewi bure.

Na mababu je? Kabla ya tanuru kubwa ya Union Minière kuanza kutoa shaba mjini hapo mwaka 1911, watu wa Katanga, kama Basanga, walikuwa wakiyeyusha jiwe la kijani kwa makala katika tanuru za udongo. Watu wa kale wa nchi hiyo walimimina shaba wakafanya misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Mingine imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Lubumbashi. Hakuna aliyewaandikia ubaoni. Walijaribu, wakakosea, wakajaribu tena, wakawafundisha wana wao.

Basi si kutokujua kunakomzuia mzazi. Mara nyingi ni kuogopa aibu. Baba huona vibaya kusema "sijui" mbele ya mtoto wa miaka 13, kwa hiyo hutoa jibu lolote, na hapo ndipo dhambi iwezapo kuingia. Mfano: masika yameanza, radi imepiga mwembe wa jirani. Mtoto auliza: "Baba, radi yatoka wapi?" Baba hajui, lakini ajibu: "Imetumwa na yule bibi kizee wa nyumba ya pili." Neno hilo halikai mahali pamoja. Mtoto alipeleka bombani, wenzake walipeleka sokoni, na baada ya siku chache bibi yule hapati mtu wa kumsalimu. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, wala haikumtoa baba kwa sababu alikuwa akifundisha.

Angalisema: "Sijui, mwanangu, njoo tuhesabu." Mwanga wa radi huonekana papo hapo, bali ngurumo husafiri kama meta 340 kwa sekunde moja. Basi waketi ndani ya nyumba, wahesabu tangu mwanga mpaka ngurumo: kila sekunde tatu ni kilometa moja hivi. Watasikia wingu likikaribia, likipita, likienda zake upande wa Kipushi. Mtoto aliyelipima wingu njiani atasadiki kwa shida kwamba lilitumwa na bibi wa nyumba ya pili. Na baadaye, akifundishwa kwamba radi ni umeme wa mawinguni unaopiga zaidi vitu virefu kama miti, ataelewa habari ya ule mwembe.

Wazee wengine watanung'unika: mtoto akizoea kupima kila neno, kesho atampima baba yake. Ni kweli, atampima. Je, huo ni utovu wa heshima? Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alifariki mwaka 1280, na mwaka 1941 Papa Pio XII alimweka kuwa msimamizi wa wanasayansi. Huyo alisoma katika vitabu vya kale kwamba ndege mbuni hula chuma. Aliwapa mbuni chuma, wakakataa. Akaandika aliyoyaona. Kumheshimu mkubwa ni kumsikiliza, kumtii katika yaliyo haki, kumtunza uzeeni. Si kuona kivuli pasipo na kivuli. Ila namna ya kusema lazima ifundishwe: mtoto na aseme, "Baba, tutazame tena," asiseme, "Umedanganya."

Iko hatari nyingine, mbaya kuliko ujinga. Wako watu wanaomtoa mtoto shuleni wakisema watamfundisha wenyewe, kumbe wampeleka kuchimba na kuosha mawe ya shaba na kobalti. Abeba gunia, avuta vumbi, na jioni aambiwa amejifunza habari za mawe. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza utumwa wa namna hiyo. Wala binti asitumwe maji kila mara kaka yake anapohesabu ngurumo.

Asidi, nyaya za umeme na kuyeyusha mawe visijaribiwe nyumbani kamwe. Mambo mengine yana wenyewe: muuguzi wa zahanati aweza kueleza habari za damu na malaria, fundi wa magari habari za betri. Mzazi amwendee pamoja na mtoto, akae naye, asikilize, aulize hata yeye. Jioni waandike katika daftari moja tarehe, jambo lililotazamwa, kipimo chake, na lile ambalo bado hawalijui. Hayo ya mwisho yapewe ukurasa wake, mtoto ampelekee mwalimu siku atakaporudi shuleni.