Vumbi, Moshi na Dhamiri

Fundi avunjaye paa kuukuu la asbesto huku sigara i mdomoni huvuta kifuani vumbi na moshi pamoja. Siku atakapopatwa na kansa ya mapafu, mwajiri atasema, "Sigara zake ndizo zilizomponza." Mvutaji mwenzake naye atajifariji, "La, ni lile vumbi." Twauliza: nani asema kweli?

Mwaka 1979 wataalamu Hammond, Selikoff na Seidman walitangaza habari za mafundi zaidi ya 17,000 wa Marekani na Kanada waliofanya kazi ya asbesto. Wakilinganishwa na watu wasiovuta sigara wala kushika asbesto, hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu ilikuwa kama mara 5 kwa wenye vumbi tu, na kama mara 11 kwa wavutaji tu. Bali kwa wenye yote mawili ilizidi mara 50! Jumlisha 5 na 11: hupati hata theluthi yake.

Muumba ameweka katika njia ya pumzi vinyweleo vya kufagia vumbi. Moshi huvidhoofisha, nyuzi za asbesto hubaki ndani, na sumu za moshi hushikamana nazo.

Basi hatia hii haigawanyiki kama mkate, kila mtu achukue kipande chake kidogo. Vumbi lingalizuiwa, wengi wa wagonjwa wale wasingaliugua. Sigara zingaliachwa, wengi wa hao hao wasingaliugua. Kosa la mmoja halimtakasi mwenziwe.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kuchumia faida. Yawapasa waajiri, na sisi watu wa Kanisa wenye shule na nyumba za mapaa hayo ya zamani, kuhakikisha kwamba hayakatwi kwa msumeno wala kupondwa, yanaloweshwa kabla ya kuondolewa, na fundi amepewa kinga ifaayo ya pua na kinywa. Wewe nawe, baba mwenye watoto, iache sigara: hatari hupungua hata kwa aliyekwisha kuvuta vumbi. Ukumbuke pia kwamba pombe na tumbako hushirikiana vivyo hivyo kuleta kansa ya koo.

Kaini alidhani ulinzi wa nduguye si kazi yake. Tusimwige.