Mashine haibebi dhamana

Oktoba 2009, hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, Marekani, ilikiri kuwa wagonjwa zaidi ya 200 waliopimwa ubongo kwa CT-Scan, kwa kushukiwa kiharusi, walipigwa mionzi mara nane ya kiwango kilichokusudiwa. Mipangilio ya mashine ilibadilishwa Februari 2008 ili madaktari waone zaidi. Kosa likadumu miezi 18, hadi mgonjwa alipolalamika kuwa nywele zinamnyonyoka.

Ndugu msomaji, tujiulize: dhamana ilikuwa ya nani? Mashine ilitii ilichoamriwa. Huenda kila mhudumu alidhani mwenzake keshakagua, mgonjwa akabaki hana wa kumwangalia.

Wapo watakaosema, basi tukikimbie kipimo hiki. La hasha! CT-Scan huonyesha haraka damu iliyovuja ubongoni, na kuikataa inapohitajika ni kujidhuru. Lakini kipimo kimoja cha kifua huweza kuwa na mionzi sawa na picha 70 hivi za eksirei ya kawaida ya kifua. Kupimwa bila sababu nako si busara.

Mgonjwa anayelala juu ya kitanda kile amekabidhi mwili wake. Hiyo ni amana, na aliyeipokea hawezi kujitetea kwamba "ni mashine". Nasi tusione haya kuuliza: Daktari, kipimo hiki ni cha lazima? Picha nilizopigwa mwezi uliopita hazitoshi? Kiwango kimekaguliwa?

Kuuliza si utovu wa adabu. Yule aliyelalamikia nywele zake aliwanusuru wengine.