Kazi Isiyo na Ujira

Je, yafaa mtu kutumia saa zake kwa kazi isiyomletea chakula wala fedha? Swali hili twalileta mbele ya wazazi Wakristo, maana katika nyumba nyingi hukatwa kwa neno moja la ukali, wala halifikiriwi.

Tutazame Chwaka, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja. Ghuba yake ina mikoko mingi, na maji yakupwapo huacha mchanga mtupu hadi mbali. Wavuvi wa huko hutumia ngalawa, na watoto wa pwani ile huunda za kwao ndogo: kipande cha mti mwepesi huchongwa kwa kisu, kikatiwa matengo pande mbili, mlingoti wa kijiti na tanga la kitambaa kikuukuu. Kisha hushindanishwa majini. Hakuna anayelipwa. Mzazi aliyechoka kwa kazi, akimwona mwanawe ameinama juu ya kijiti tangu asubuhi, huona uvivu mtupu. Twamwelewa, maana kuni na maji havijileti nyumbani. Lakini na atazame tena.

Mtoto yule ajifunza jambo ambalo fimbo haiwezi kumfundisha. Akiweka matengo yasiyolingana uzito, chombo chalala upande. Akisimamisha mlingoti vibaya, chageuka na kurudi pwani. Bahari haina upendeleo, wala haidanganyiki kwa maneno matamu. Basi hukaa chini akachonga upya, bila kuamriwa na mtu. Hapo ndipo uanzapo uaminifu katika kazi: kukubali vitu jinsi vilivyo.

Tena iko shule ya juu zaidi, nayo ni ya mtu mzima aundaye mfano wa chombo usiokusudiwa kuelea. Huyu bahari haimhukumu. Fikirini mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi pasipo misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe iliachwa kuundwa mapema katika karne ya 20. Leo atakaye kujua jinsi ilivyokuwa hutegemea picha, maandiko, na mifano midogo ya mbao iliyohifadhiwa katika makumbusho, kama ile ya Lamu. Fundi wa mfano kama huo angalitia msumari mahali pa kamba, akaufunika kwa rangi, nani angalimshitaki? Lakini angalikuwa amewaambia uongo wajukuu wasiozaliwa bado. Hivyo kazi ndogo isiyo na msimamizi ni kipimo cha dhamiri: yaonyesha kama twapenda wema wenyewe, au twaogopa tu jicho la mkubwa wetu.

Wengine watasema kwamba mambo haya ni ya wenye nafasi, na maskini hana saa ya kuchezea. Watasema pia kwamba wako waume ambao kwa kupenda mchezo wao huwasahau wake na watoto. Ni kweli. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba roho iliyochoka yahitaji mchezo kama mwili uhitajivyo pumziko, lakini aliuwekea mchezo mpaka wa kiasi. Kazi ya kujifurahisha ikimnyima mtoto chakula au masomo, si fadhila tena. Hata hivyo maskini naye ana roho, wala Mungu hakuiweka siku ya Bwana kwa ajili ya matajiri peke yao.

Kanisa Kuu la Unguja, katika Mji Mkongwe, limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu, aliyekuwa seremala. Mwaka 1955 Papa Pio wa 12 alimwekea sikukuu ya Mfanyakazi, tarehe 1 Mei. Nasi twaamini kwamba katika karakana ya Nazareti upande wa ubao usioonekana ulipigwa randa sawa na ule ulioonekana.

Basi, wazazi, mtoto akiomba kipande cha mti na kisu, msimfukuze. Mpeni kwanza kazi yake ya nyumbani, kisha mpeni saa yake. Naye akimaliza chombo chake, msimwulize atakiuza kwa bei gani; mwulizeni kama ndani nako kumechongwa vizuri.