Nani Kasema Ziwani Hakuna Kitu?

Muhula uliopita niliandamana na wanafunzi wa shule moja hadi Ziwa Nakuru. Mwalimu aliyeongoza safari alitazama maji, hakuona umati wa heroe waliomo kwenye picha za vitabu, akatangaza: "Hakuna kitu hapa. Pandeni basi." Watoto wakapanda. Karibu na ufuko kundi la mwari weupe lilikuwa likivua, ndege wote wakiinamisha midomo kwa pamoja. Hakuna kitu! Kauli hiyo imeninyima raha tangu siku ile.

Kutokuwepo ni kinyume cha kuwepo. Hapo sina ugomvi na mtu. Ninachouliza ni hiki: nani aliyetupa mamlaka ya kupaita mahali patupu kwa kuwa tulichokitarajia hakipo? Utupu ule mwalimu alitoka nao nyumbani.

Tena heroe kuadimika kuna chanzo, na chanzo hicho kinaonekana kwa macho. Heroe mdogo hula spirulina, viumbe vidogo vya kijani vinavyositawi katika maji ya magadi. Katika muongo wa 2010 ziwa lilifurika, likameza lango kuu la hifadhi na kuua migunga ya ufukweni. Magadi yakazimuliwa, chakula kikapungua, ndege wengi wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Migunga ile mikavu ilikuwa imesimama majini mbele yetu. Mtoto angeelezwa habari yake, angekuwa amewaona heroe kwa namna ambayo picha haiwezi kumwonyesha.

Garini nikamweleza hivyo mzazi mwenzangu. Akanijibu: "Ndugu yangu, sisi tulilipia heroe."

Jibu hilo siwezi kuliacha lipite. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutegemea Ziwa Natron, Tanzania, kwa kuzaliana, na huhama usiku kutoka ziwa hadi ziwa wakifuata chakula. Hawana mkataba na lango letu. Basi tikiti hununua nini? Hununua ruhusa ya kuingia na kuwa pale, macho yakiwa wazi. Tukisema malipo yanazaa haki ya kumwona ndege fulani, heroe asiyetokea anakuwa mdaiwa wetu, na mwari aliyejileta anakuwa si kitu kwa kuwa hakuna aliyemwagiza. Furukombe juu ya mgunga uliokufa si kitu. Kifaru nyasini naye, siku ambayo moyo umeelekea kwa heroe, si kitu. Mtoto anayefundishwa hivyo atakwenda kila mahali kuhakiki kama alichoahidiwa kimeletwa, na kisichoahidiwa hatakiona kamwe. Hiyo ndiyo dhuluma ninayoilalamikia, na waliotendewa walikuwa watoto waliokaa kimya kwenye viti vyao.

Wapo waliosema jua lilikuwa kali na watoto wamechoka. Ni kweli, nakubali.

Na habari za hao mwari, laiti watoto wangesimuliwa! Zamani ziwa hili halikuwa na samaki. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipandikizwa humo perege wadogo wanaostahimili magadi, waliotolewa Ziwa Magadi, ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaana, na mwari wakaja kwa wingi kuwafuata. Wengi wao hutaga Ziwa Elementaita, kisha huvuka vilima kuja kuvua Nakuru. Asubuhi hungoja ardhi ipate joto, hewa ianze kupanda, wao wapande nayo wakizunguka bila kupiga mbawa. Naweza kuwatazama hadi shingo iume.

Lakini habari ya mwari inanitia mashaka. Kama kila anayeondoka humwachia mwingine nafasi, je, tutasikitikia lini upotevu? Mtu anaweza kuichukua hoja yangu akaitumia kutuliza watu: heroe wamekwenda, kuna mwari, tatizo liko wapi? Sitaki kumpa silaha hiyo. Nataka mtoto aone kilichopo na pia aone pengo, wala moja lisifute jingine. Vipi macho yaleyale yatafanya kazi zote mbili, sijapata jibu la kunitosheleza.

Walimu mnaopanga safari za muhula ujao, waacheni watoto ufukweni saa nzima. Bebeni hata darubini moja, ipokezanwe mkono kwa mkono, na mtafute mtu wa kuwaeleza kwa nini migunga ile imekufa.