Ujuzi Ni wa Nani?

Vijana wetu wengi wanatamani kazi katika mashirika makubwa ya maendeleo ya mataifa. Kwa hiyo wanajifunza lugha za kigeni, hesabu za fedha, kuandika taarifa, kuongoza mikutano. Tunawasifu. Tena hatuwalaumu wakitaka mshahara mwema, maana mfanyakazi anastahili ujira wake. Lakini tujiulize: ujuzi huo ni wa nani? Ni mali ya aliyesoma, au ni amana aliyowekewa kwa ajili ya wenzake?

Tumtazame profesa Jean-Jacques Muyembe. Alisoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kisha akaongeza masomo Leuven, Ubelgiji. Angeweza kukaa Ulaya, alirudi. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulipoanza kuua watu katika misioni ya Yambuku, alitumwa huko. Alitoa damu ya wagonjwa bila glavu, kwa kuwa hazikuwapo, akanawa kwa maji na sabuni. Alimleta Kinshasa mtawa mmoja mgonjwa. Damu yake ikapelekwa Antwerp, na huko vikaonekana virusi vya Ebola.

Sifa waliipata wengine, na jina lake halikutajwa sana kwa miaka mingi. Je, alikasirika akaacha kazi? Hata kidogo. Mwaka 1995, huko Kikwit, yeye na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. 7 kati yao waliishi. Baadaye, kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, wataalamu wa Kongo, Marekani na Uswisi walipata dawa, nayo ikakubaliwa Marekani mwaka 2020. Tena alishikilia kwamba damu ya Wakongo ichunguzwe Kongo kwenyewe, na vijana wa Kongo wafundishwe kazi hiyo.

Hapo ndipo tunapomtambua kiongozi. Diploma humfungulia mtu mlango. Haisemi ataingia ili afanye nini. Kuna mwenye ujuzi anayeuficha ili asipate wa kumrithi. Huyo ana cheo, lakini siye kiongozi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, kijana unayeandika barua ya kuomba kazi, usijiulize tu utalipwa kiasi gani. Jiulize pia: siku nitakapoondoka, ni nani atakayebaki akiijua kazi hii?