Mkataba wa Miaka Miwili na Haki ya Nyumba

Amma baad. Ndugu zetu wasomaji, swali lililoletwa darasani mwezi huu latoka kwa mama mmoja wa pande za Kibwezi. Mumewe ni mlinzi katika mji wa Doha, kwa mikataba ya miaka miwili miwili, na sasa yumo katika wa tatu. Fedha hufika kila mwezi, karo hulipwa, na nyumba imekwisha ezekwa mabati. Waliomba yeye na watoto wamfuate, wakajibiwa kuwa kwa mshahara ule kibali hakipatikani. Basi mama huyu auliza: akisema kuwa hana mume, je, atakuwa ameikufuru neema?

Hatukupenda kumjibu kwa neno moja, kwani hapana kijiji katika Kitui wala Makueni kisichokuwa na nyumba ya namna hii. Mvua za Novemba zikipungua, pojo na mbaazi hukauka, na mwenye nguvu hufunga mzigo. Zamani aliyesafiri alikuwa mume. Leo mara nyingi ni mama, aendaye Riyadh kupika na kufua, na watoto hubaki kwa bibi yao.

Kwanza tuitazame sheria yenyewe. Katika nchi ya Qatar, tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara ni riali 1,000 kwa mwezi, na nyongeza ya 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri havitoi. Mwenye kutaka kuleta mke na watoto hutakiwa awe na mshahara uliozidi kima hicho mara kadhaa. Falme za Kiarabu ziliweka mwaka 2019 sharti la dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Saudia ilianza Julai 2017 kutoza riali 100 kwa mwezi kwa kila mtu anayemtegemea mfanyakazi wa kigeni, ikapandisha mwaka hata mwaka mpaka 400 mwaka 2020. Wala jambo hili si la Ghuba peke yake: Uingereza, iliyowaita wauguza wazee kwa maelfu, iliwakataza tangu tarehe 11 Machi 2024 wale wapya wasije na wenzi wala watoto wao.

Hesabu hii si ngeni kwa watu wa Ukambani. Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya kwanza, babu zetu walivikwa kipande shingoni, wakenda kazini mijini na reli, na wake zao wakabaki kulima. Mshahara ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja, na chumba kwa kitanda kimoja, kana kwamba mfanyakazi hakuzaliwa wala hazai. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kuwa mshahara wa mseja haufai, ikapendekeza uwe wa kumtosha mtu na ahali zake. Yaliyokataliwa na mkoloni kwa kalamu yake yamerejea leo kwa jina la viza.

Sasa twauliza: je, ni halali kununua kazi ya mtu na kuukataa utu wake? Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab, alipokuwa akizunguka Madina usiku, alimsikia mke wa askari akilia upweke. Hakumkemea mwanamke yule, wala hakumwambia ashukuru kwa posho. Alikwenda kwa binti yake, Bibi Hafsa, akamwuliza mwanamke huweza kumsubiri mumewe muda gani. Wapokezi wamehitilafiana baina ya miezi minne na sita, lakini hawakuhitilafiana katika jambo kubwa: Khalifa aliuweka muda huo kuwa mpaka, na askari wakawa wanarudishwa makwao. Ilikuwa vita, na dola ilikuwa na haja nao. Hata hivyo haki ya nyumba ilitangulizwa. Ikiwa jihadi haikuruhusiwa kupita mpaka huo, kulinda mlango wa duka kutapitaje miaka sita?

Wako watakaosema: hakulazimishwa, alitia sahihi mwenyewe. Hoja hii ina nguvu, wala hatuidharau. Mtu mzima ana hiari yake, na aliyemzuia asisafiri hakumpa chakula. Lakini sahihi ile ni ya mtu mmoja, na gharama yake yalipwa na wengi. Mke hakuitwa mezani, wala mtoto hakuulizwa. Tena ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa pungufu: yatosha kuuhalalisha ujira, haitoshi kumtakasa aliyeandika masharti.

Wako pia watakaosema: kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Nasi twakubali. Lakini tazameni: mkurugenzi wa kigeni katika mji uleule huletewa mkewe na wanawe, na mpaka hauvunjiki. Basi kinachopimwa si ugeni, ni mshahara. Maana yake ni kuwa kuishi na mke wako kumefanywa bidhaa, mwenye nacho hununua na asiye nacho hukosa. Hapa ndipo penye dhuluma.

Hata hivyo, ndugu zetu, lawama yote isivuke bahari. Wako waliofikia kiwango cha mshahara na bado wakakwama kwa kukosa karatasi. Kwa Wakamba ndoa hutimia kwa mbuzi wa ntheo, na wazee wote hushuhudia. Lakini mbuzi hasomeki ubalozini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa zote ziandikishwe, na tangu Agosti 2017 hata za kimila zina njia yake. Nasi Waislamu tusijione tumesalimika: nikaha ngapi zimefungwa Kitui kwa mashahidi wawili na kahawa, na cheti hakikutafutwa? Watoto nao wangapi hawana vyeti vya kuzaliwa?

Na liko zito zaidi. Twailaumu Riyadh, na majumbani mwetu Mombasa na Nairobi wamo mabinti wa Mutomo na Mwingi walioacha watoto wachanga kwao. Mwaka hupita hatujawapa ruhusa ya wiki mbili, na nauli ya basi twaikata katika mshahara. Ni nani kati yetu aliyemwuliza msichana wa jikoni mwake jina la mwanawe? Anayemfungia mtumishi wake mlango wa kwenda kwao hana uso wa kumshitaki mfalme.

Basi kwa mama yetu wa Kibwezi jibu letu ni hili. Hukukufuru neema. Fedha ni riziki, na mume ni haki. Riziki haifuti haki. Mwambie mumeo ulivyotuambia sisi, bila ya kuficha, na mwekeane muda: mkataba huu uwe wa mwisho, au likizo iwe kila mwaka, au atafute kazi ya karibu hata kama ujira utapungua. Naye asidhani kuwa mabati yamesimama mahali pake.

Kwa vijana wanaojiandaa kusafiri, waulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: likizo ni baada ya muda gani, tikiti yake yalipwa na nani, na ni kwa masharti gani ahali huruhusiwa kufuata. Waulize wakiwa na wake zao au waume zao ubavuni. Nasi katika darasa tumeazimia kuwasaidia wanaotaka kuandikisha ndoa na vizazi vyao, na kila mmoja wetu aliyeajiri mtumishi ampeleke kwao kabla ya mwezi huu kwisha, kwa nauli yake mwajiri. Tutaulizana mkutano ujao ni nani aliyetimiza.

Wabillahi tawfiq.