Sinia Moja na Mikono Isiyolingana

Tunapozungumza juu ya utamaduni wetu na mambo tunayojivunia ndani yake, kula pamoja hakukosi kutajwa. Twasema kwamba kwetu mtu hali peke yake kama mchawi. Kwamba mpita njia akiwakuta watu wamezunguka chakula hukaribishwa, naye hunawa mikono akaketi. Na kwamba watoto wa nyumba moja, wawe wa tumbo moja au wa ndugu walioletwa kulelewa, hula katika sinia moja. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962, neno lenyewe alilitwaa katika maisha ya jamaa, yaani watu wanaogawana walicho nacho. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwalimu anayefundisha umoja darasani hutafuta mfano wake jikoni.

Sisi nasi tulilelewa katika sinia hilo, wala hatukusudii kulikashifu. Walakini lipo swali ambalo sifa zetu nyingi hulifunika: Je, watu wakila katika chombo kimoja, wamekula sawa? Na ikiwa hawakula sawa, nani ana wajibu wa kuliona jambo hilo? Swali hili laweza kuonekana dogo, la wanawake na watoto, lisilostahili kuandikwa kitabuni. Sisi tunaona kwamba maswali makubwa ya haki, mtu hukutana nayo kwa mara ya kwanza akiwa amekaa chini kwenye mkeka, kabla hajajua kuhesabu.

Na tulitazame sinia lenyewe. Ni jioni. Ugali umesongwa na kupakuliwa ungali ukitoa mvuke. Pembeni lipo bakuli la maharage yaliyoungwa kwa nazi au karanga, kwa kadiri ya mahali, na pengine dagaa wachache. Watoto wanne wamenawa. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili 8, wa tatu 5, na wa mwisho 2, naye ameachishwa ziwa juzijuzi. Yule mkubwa hukata tonge, akalifinyanga, akalitia kishimo kwa kidole gumba, akachota mchuzi pamoja na maharage mawili matatu, akameza, akarudi. Vidole vyake vimekwisha kuzoea moto. Yule mdogo hukata kipande, kikamchoma, akakiachia, akakipuliza. Kikipoa hukitia kinywani kikavu, kwa sababu mkono wake haujajifunza kufanya kishimo, na bakuli la mboga liko mbali na kifua chake. Hutafuna polepole, maana magego yake hayajatimia. Atakapomeza tonge la tatu, ndugu zake watakuwa wamekwisha kulikomba bakuli na wanagombea ukoko.

Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Hakuna aliyemkataza kunyosha mkono. Mama akiuliza kutoka jikoni, "Mmeshiba?" sauti nne hujibu kwamba wameshiba, na ile ya nne hujibu kwa kuwa tatu za kwanza zimejibu.

Hapo ndipo ugumu wa swali ulipo. Kama pangekuwa na mwizi, tungemwadhibu. Kama pangekuwa na mchoyo, tungemsema. Lakini hapa kila mtoto alipewa nafasi sawa na mwenzake, na katika nafasi hiyo sawa mmoja amelala na njaa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipotaka kueleza maana ya kiasi, alitoa mfano wa chakula: kipimo kilicho kidogo kwa Milo, bingwa wa mieleka, ni kingi mno kwa mtu anayeanza mazoezi. Wazee wetu hawakuhitaji kumsoma ili walijue hilo, kwani mama yeyote anajua kwamba upawa mmoja si kipimo kimoja kwa watu wawili. Lakini mfano huo wamhusu mtu aliyepakuliwa. Katika sinia hakuna apakuaye, na kipimo hutolewa na wepesi wa mkono.

Wapo watakaosema kwamba tunatia chumvi, na kwamba dawa ya njaa ya mtoto ni kulima zaidi. Kulima ni lazima; hilo halina ubishi. Lakini tuutazame mkoa wa Iringa. Mkoa huo umejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa maghala ya mahindi ya nchi yetu. Hata hivyo mwaka 1983, Serikali ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na UNICEF ilipoanzisha huko mpango wa lishe katika vijiji 168, ilionekana kwamba watoto wengi wenye utapiamlo walikuwa katika nyumba ambazo chakula kilikuwamo. Watoto walipimwa uzito kijijini mwao, na matokeo yakapelekwa mbele ya halmashauri ya kijiji kama vile yalivyopelekwa mambo ya mbolea na ya kodi. Jambo hilo lilisaidia sana. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa nchi nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na kwamba katika mkoa wa Iringa wanazidi nusu. Magonjwa, maji machafu na afya ya mama mjamzito vina sehemu yao katika hesabu hiyo, na hatupendi kudai kwamba yote yatoka katika sinia. Lakini kati ya ghala lililojaa na kinywa cha mtoto ipo njia, na njia hiyo hupita jikoni.

Tumbo la mtoto wa miaka 2 ni dogo, ilhali mwili wake unakua upesi. Kwa kadiri ya uzito wake anahitaji chakula kingi kuliko baba yake, wala hawezi kukila chote kwa mkupuo mmoja au miwili. Ndiyo maana wataalamu hushauri kwamba mtoto wa miezi 9 hadi 23 alishwe mara 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo cha kutafuna katikati, huku akiendelea kunyonya. Nyumba ipikayo mara mbili kwa siku, kwa desturi ya watu wazima, imekwisha kumpunja mtoto huyo kabla sinia halijatandikwa.

Upo pia uji. Uji mwepesi, ambao mtoto anaweza kuunywa, una maji mengi na unga kidogo. Uji mzito una unga wa kutosha, lakini humkwama kooni. Wachunguzi wa lishe wa nchi yetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walilitatua fumbo hili kwa kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho uvunguni: kimea. Punje za ulezi zikilowekwa, zikaachwa zichipue, zikaanikwa na kusagwa, unga wake hupata nguvu ya kuvunja wanga. (Mtama nao hufaa, ila machipukizi yake yana sumu, na lazima yapukuswe kabla ya kusaga.) Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo, uji hulainika machoni pako, ukarudishwa motoni uchemke tena, na mtoto akanywa chakula kizima katika kikombe kimoja. Sasa, kimea hiki si kitu kigeni. Wanawake wa Kilimanjaro walikitengeneza tangu zamani kwa ajili ya mbege, na wale wa Ruvuma na Iringa kwa togwa na pombe. Togwa watoto nao walionjeshwa, ni kweli. Lakini tunapolifikiri jambo hili hatuwezi kukwepa uchungu kidogo: ujuzi wa kulainisha nafaka ulitumika kwa bidii kubwa penye karamu za wazee, na uji wa mtoto mchanga ukabaki mzito au wa maji matupu. Haukukosekana ujuzi, bali hapakuwa na aliyeuliza.

Twaja sasa kwenye pingamizi ambalo walimu wenzetu hulileta mara kwa mara, nalo lina uzito. Wanasema kwamba dawa ya mambo haya, yaani kumpa mtoto mdogo kibakuli chake peke yake, ni kuanza kuvunja sinia. Leo kibakuli chake, kesho meza yake, keshokutwa chumba chake na chakula chake ndani ya kabati lenye kufuli. Mtoto aliyezoea kusema "changu" akiwa na miaka 2 atajifunza lini kusema "chetu"? Tumewaona mijini watoto wanaolishwa kijiko baada ya kijiko mbele ya televisheni, wasijue ni nani aliyeketi kando yao wala kama amekula. Hatuwaonei wivu.

Lakini tuulizane: kutenga chakula ni desturi ya wageni? Ni nyumba ipi kwetu ambayo baba akichelewa kurudi hawekewi sahani yake, nayo ikafunikwa kwa kawa? Na katika sahani hiyo hutiwa nini? Hutiwa mnofu, na kuku akichinjwa hutiwa firigisi. Watoto hupita kando ya kawa hiyo na kunusa, wala hakuna awaambiaye kwamba baba ni mbinafsi au kwamba amevunja ujamaa wa nyumba. Sote tunaelewa kwamba amewekewa kwa sababu hayupo kujitetea penye sinia. Basi mtoto wa miaka 2, ingawa amekaa hapo hapo na mkono wake umo ndani ya chombo, kwa maana hiyo hiyo naye hayupo. Desturi ya kumwekea asiyeweza kujitetea tunayo. Tatizo ni kwamba tumeizoesha kumtazama mwenye nguvu.

Tena, sinia la zamani, tukilikumbuka vizuri, halikuwa uwanja wa mashindano kama tulivyolieleza hapo juu. Aghalabu palikuwa na mtu mzima kati ya watoto, na mtu huyo alikuwa bibi. Yeye hakula kwa haraka. Meno yake yalikuwa machache kama ya mjukuu. Alikata ugali akauweka ukingoni upoe. Alilifinyanga tonge dogo, akalichovya, akamtia mdogo kinywani, huku jicho lake likimzuia mkubwa asichote mara mbili. Samaki alimchambua miiba kwa ncha za vidole na kuwagawia mmoja mmoja. Maneno aliyoyasema yalikuwa machache: "Mwachie mwenzio." Chombo kilikuwa kimoja, lakini ndani yake kila mtu alikuwa na haki yake, na haki hiyo ilitoka katika mkono wa mtu. Tunaposifu sinia tukamsahau bibi, tunasifu bati.

Bibi huyo leo, katika nyumba nyingi, hayupo. Familia zimehamia mjini au kwenye mashamba mapya, naye amebaki kijijini, au anakuja kwa miezi miwili akarudi. Je, nani amekalia nafasi yake? Baba hula sebuleni au barazani pamoja na wageni wake. Mama yuko jikoni akipakua, na anapofika mkekani hula kilichosalia. Mara nyingi humwachia mtoto hata hicho, akajidai kwamba ameshiba kwa kuonja. Watu huita jambo hilo upendo wa mama, nasi hatukatai. Lakini upendo unaolipwa na mtu mmoja peke yake, kila siku, kwa mwili wake, huku wengine wakiutazama na kuusifu, watia shaka. Ikiwa haki ya mtoto yatimizwa kwa njaa ya mama, nyumba haikutenda haki. Imeihamisha njaa tu. Na tukimwambia mama huyo huyo apike uji mara mbili zaidi kwa siku, bila kumwuliza ni nani atakayekwenda kutafuta kuni na kuteka maji ya uji huo, tutakuwa tumemwongezea mzigo tukauita elimu. Kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975 iliwafikia watu wengi kwa redio na kwa vikundi vya kusoma, ikawafundisha vyakula vya namna namna. Kujua kulienea. Kugawana kazi ya jiko hakukuenea kwa kadiri hiyo, na shuleni Sayansi Kimu wengi wetu wavulana tuliiona kuwa somo la wasichana, tukatoka nje kucheza mpira.

Kwa hiyo sisi hatuombi sinia livunjwe. Tunachoomba ni kwamba mtu mwenye nguvu arudi kukaa kando yake: baba mwenyewe, mjomba, kaka mkubwa, yeyote ambaye mkono wake waweza kungoja. Mtoto apakuliwe kibakuli chake, kiwekwe ndani ya duara la wenziwe, ale akiwatazama nao wakimtazama. Atajifunza kusema "chetu" siku atakapokuwa amepata chake na kuona mwingine akikosa.

Safarini, katika nyumba moja tuliyofikia magharibi, tulimwona mvulana wa miaka 12 hivi akichukua bakuli la bati kabla ya wengine kuanza. Alitia maharage, akakata ugali, akaumega vipande vidogo akavipanga ukingoni, na kila kimoja akakigusisha mdomoni kupima moto. Dada yake mdogo alikuwa ameketi kimya akingoja, bila kulia, kama mtu ajuaye kwamba zamu yake ipo. Tulimwuliza kijana huyo ni nani aliyemwagiza kufanya vile. Alionekana kutolielewa swali. Akasema kwamba bibi alimfanyia yeye hivyo hivyo. Kisha akamsogezea mtoto bakuli, akachukua kata ya maji, akatuuliza kama tulikuwa tumekwisha kunawa.